Daniel O'Connell na mkate wa maskini

Daniel O'Connell alikuwa Mkatoliki wa Irlandi aliyewafungulia Wakatoliki wenzake mlango wa Bunge la Uingereza. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi. Leo, wasomaji wapenzi, tunataka kueleza miaka yake ya mwisho: jinsi alivyopinga ushuru uliopandisha bei ya mkate, na jinsi alivyoisihi serikali isifunge mfuko wake wakati watu wanakufa njaa.

Wakili wa watu wadogo

Alizaliwa mwaka 1775 katika jimbo la Kerry. Siku zile Waingereza walitawala Irlandi, na sheria zao ziliwabana sana Wakatoliki. Alisoma Ufaransa, akawa wakili mwaka 1798. Mwaka 1823 alianzisha Chama cha Wakatoliki, na mwaka uliofuata aliwaomba maskini watoe peni moja kila mwezi. Peni hizo ndogo zikawa nguvu kubwa. Mwaka 1828 watu wa Clare walimchagua kuwa mbunge, ingawa Mkatoliki hakuweza kuapa kiapo cha Bunge bila kuikana imani yake. Serikali iliogopa fujo, ikabadili sheria mwaka 1829. Huko Bungeni alitetea pia watumwa weusi wa makoloni ya Uingereza, mpaka sheria ya kufuta utumwa ilipotolewa mwaka 1833.

Ushuru wa nafaka

Tangu mwaka 1815 Uingereza ilikuwa na sheria za kuzuia nafaka ya nchi za nje. Kwanza ngano ya kigeni haikuruhusiwa kuuzwa mpaka bei ya ngano ya nyumbani ifike shilingi 80 kwa kipimo cha kilo 218 hivi. Tangu mwaka 1828 iliruhusiwa, lakini ilitozwa ushuru, na ushuru huo ulikuwa mzito zaidi kila bei ya nyumbani iliposhuka. Ni nani aliyeulipa? Mtu wa duane humtoza mfanyabiashara, mfanyabiashara huongeza bei, na mwisho mama anayenunua unga sokoni ndiye anayelipa yote. Faida iliwaendea wenye mashamba makubwa, na hao ndio waliojaa Bungeni.

O'Connell naye alikuwa mwenye ardhi. Tena nafaka ya Irlandi iliuzwa Uingereza kwa bei nzuri kwa sababu ya ushuru huo, na wenye ardhi wengi wa kwao waliutetea. Yeye alisimama upande mwingine, pamoja na Richard Cobden na wenzake waliotaka ufutwe.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi. Majani yaligeuka meusi, viazi vikaoza ardhini. Irlandi ilikuwa na watu kama milioni 3 waliokula viazi karibu peke yake. O'Connell hakungoja. Mbele ya baraza la mji wa Dublin alitaja mambo ya kufanya: bandari zifunguliwe kwa chakula cha nje bila ushuru; nafaka ya nchi isipelekwe nje wala isipikwe pombe kali; serikali ianzishe kazi ili watu wapate mshahara; na fedha zipatikane kwa mkopo na kwa kodi juu ya wenye ardhi, hasa wale wanaokula mali ya Irlandi bila kukaa Irlandi. Tarehe 3 Novemba 1845 yeye na wajumbe wenzake walipeleka maneno hayo kwa mwakilishi wa Malkia, naye akawapokea kwa ubaridi. Lakini Ubelgiji, ambako viazi vilioza mwaka ule ule, serikali iliondoa ushuru wa nafaka.

Waziri mkuu Robert Peel alinunua kwa siri mahindi ya Marekani ya paundi 100,000. Mwezi wa Juni 1846 Bunge lilikubali ushuru wa nafaka upunguzwe mpaka kufika mwaka 1849, ubaki mdogo sana. O'Connell alikuwa miongoni mwa waliounga mkono sheria hiyo.

Mlango wazi, mfuko mtupu

Je, njaa ilikwisha? Hapana. Mwaka 1846 viazi vilioza karibu vyote. Sasa mlango wa bandari ulikuwa unafunguliwa, lakini mtu asiye na hata peni hapati kitu katika duka lililojaa. Hapo ndipo mfuko wa serikali ulipohitajiwa.

Serikali mpya ya John Russell iliamini kwamba biashara ijiendeshe yenyewe, na Charles Trevelyan, mkuu wa watumishi wa Hazina, alishika fedha kwa mkono mkavu. Tarehe 8 Februari 1847 O'Connell alisimama Bungeni mara ya mwisho. Alikuwa na miaka 71, mgonjwa, na sauti iliyozoea kusikiwa na maelfu uwanjani ilikuwa imefifia hata wabunge hawakumsikia vizuri. Aliwaambia kwamba Irlandi imo mikononi mwao, na wasipotoa msaada mkubwa, robo ya watu wake watakufa.

Mwezi wa Machi kazi za serikali ziliajiri watu zaidi ya 700,000. Amri ikatoka kwamba katika kila watu 100 waachishwe 20, hata mahali ambapo majiko ya supu hayajafunguliwa. Baadaye majiko hayo yalilisha watu milioni 3 kila siku katika mwezi wa Julai, tena kwa gharama ndogo. Kabla mwaka haujaisha yalifungwa, na mzigo ukatupwa juu ya kodi za Irlandi yenyewe, nchi iliyokwisha kufilisika. Kwa miaka yote ya njaa serikali ilitoa karibu paundi milioni 8, na sehemu yake ilikuwa mkopo. Mwaka 1833 Bunge hilo hilo lilikubali kuwalipa mabwana wa watumwa paundi milioni 20. Basi fedha zilikuwapo.

O'Connell hakuona majiko yakifungwa. Alikuwa njiani kwenda Roma kwa Baba Mtakatifu Pius IX, ambaye tarehe 25 Machi 1847 aliwaandikia maaskofu wa dunia yote waamuru sala na sadaka kwa ajili ya Irlandi. Alifariki Genoa tarehe 15 Mei. Moyo wake ulipelekwa Roma, mwili wake Dublin. Mwaka 1841 Irlandi ilikuwa na watu 8,175,000. Mwaka 1851 walihesabiwa 6,552,000. Karibu milioni moja walikufa, wengine wengi wakakimbilia ng'ambo.

Hatusemi kwamba mtu huyu hakuwa na lawama. Mwaka 1845 gazeti la Times la London lilimshutumu kwamba wapangaji wa mashamba yake waliishi vibaya. Lakini Bungeni aliwasemea wasio na msemaji.

Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wale wa Hazina hawakuwa wote watu wakatili. Walihesabu paundi kwa uangalifu, wakasahau kuhesabu makaburi. Kuondoa ushuru ni haki, lakini hakumshibishi mtu asiye na kitu mkononi. Nasi tunapomchagua mjumbe, tumwulize mambo yote mawili: bei ya unga itakuwaje, na fukara asiyeweza kuununua atapewa nini? Siku ya mwisho Bwana wetu hatatuuliza kama hesabu zetu zililingana, bali kama tulimlisha mwenye njaa.