Hospitali Ng'ambo ya Mto: Majeruhi wa Vita na Mpaka wa Ruvuma

Wanaoandika juu ya wajibu wa kuwahudumia majeruhi vitani huanzia Geneva, kwenye Mikataba ya 1949. Sisi tumechagua kuanzia Mtwara. Katika mji huu chama cha FRELIMO, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kilikuwa na hospitali iliyoitwa kwa jina la Dakta Américo Boavida. Boavida hakuwa Mmsumbiji. Alikuwa tabibu wa Angola, mwanachama wa MPLA, aliyeuawa Septemba 1968 mashariki mwa nchi yake, pale Wareno waliposhambulia kambi alimokuwa akihudumu.

Jina hilo ladokeza kwa nini hospitali iliwekwa upande huu wa mto. Vita vilianza Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964. FRELIMO ilikuwa na zahanati huko, lakini zilifichwa msituni, na mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alielekeza majeshi yake kwenye vituo vya uwanda wa Mueda. Majeruhi mahututi walibebwa kwa machela hadi Ruvuma, wakavushwa kwa mitumbwi. (Samora Machel, aliyeshika uongozi wa chama mwaka huo huo, alikuwa muuguzi kwa taaluma, hakuhitaji kuelezwa maana ya safari hiyo kwa mwenye jeraha la tumbo.)

Je, sheria ilisema nini? Ureno ilidai kwamba Msumbiji ni jimbo lake, hivyo hapakuwa na vita baina ya mataifa. Lakini Kifungu cha 3, kilicho sawa katika Mikataba yote minne, chaagiza majeruhi na wagonjwa wakusanywe na kutunzwa hata katika vita vya ndani. Itifaki ya 1977, iliyovihesabu vita dhidi ya ukoloni kuwa vya kimataifa, ilikuja miaka miwili baada ya uhuru wa Msumbiji. Kwa maoni yetu, kilichowalinda wagonjwa wale hakikuwa alama ya msalaba mwekundu, bali mto, pamoja na jirani aliyekubali kuwapokea.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Vita vingine vilizuka Cabo Delgado Oktoba 2017. Mwishoni mwa Mei 2020 mji wa Macomia ulishambuliwa. Watumishi wa Madaktari Wasio na Mipaka walikimbilia porini, na kazi yao huko ikasimama. Mei 2024 mji huo huo ulivamiwa tena, na shirika hilo likasimamisha huduma kwa mara nyingine.

Safari hii mto haukuwa ukuta. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka na kuua watu katika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Hofu iliyofuata twaielewa. Waliouawa ni watu wetu. Hata hivyo, mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliripoti kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliokimbilia kwetu, wengi wao wanawake na watoto, walirudishwa kupitia Negomano. Msamaria wa Luka 10 alikuta nyumba ya wageni iliyo wazi. Kama ingalifungwa, angalimpeleka wapi yule majeruhi aliyekuwa juu ya mnyama wake?