Kimeng'enya kisichomeng'enya

Kumeng'enya ni kuvunjavunja, kama tumbo lifanyavyo chakula. Ndiko lilikotoka jina kimeng'enya. Ila baadhi ya vimeng'enya havivunji kitu. Mtazame DsbA, anayeishi ndani ya bakteria: kazi yake ni kufunga. Huunganisha atomu mbili za salfa katika uzi wa protini, nao ukajikunja na kukaa imara, kama shati lililotiwa vifungo. Umbo la DsbA, kutoka kwa bakteria Escherichia coli, lilifichuliwa kwa eksirei mwaka 1993. Bakteria wa kipindupindu ana ndugu wa DsbA. Akimkosa, sumu yake haiundiki sawasawa. Ndiyo maana watafiti wanachunguza umbo hilo, wapate dawa ya kumzuia DsbA. Jina kimeng'enya tuliache. Neno lilizaliwa tumboni, limekua, limetoka kwao.