Jembe Kwanza, Karatasi Baadaye

Mzee wa Bwisha, mashariki mwa Kongo, akiulizwa yeye ni mtu wa wapi, haanzi na kijiji. Anaanza na ukoo: sisi ni Wasinga, au Wazigaba, au Wagesera. Kisha anapanda majina, la baba, la babu, la baba wa babu, na mwenye kumbukumbu nzuri hufika mbali kabla ya kuishiwa. Hesabu ya namna hiyo utaisikia Kalengera, kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, jirani na Rubare. Utaisikia pia Kisoro nchini Uganda na Musanze nchini Rwanda, kwa koo zilezile na alama zilezile: ndege sakabaka kwa Wasinga, chui kwa Wazigaba. Volkano za Virunga zimesimama katikati, lakini ukoo haukuwahi kuzihesabu kuwa ukuta.

Koo hizo tatu huitwa abasangwabutaka, yaani waliokutwa juu ya ardhi. Jina lenyewe linakiri jambo: kama wapo waliokutwa, basi wapo waliokuja, na hakuna aliyeona aibu kulisema. Mgeni aliyetaka kujenga alimwita mtu wa mojawapo ya koo hizo ambaye si ndugu yake, akambarikia kiwanja kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa. Uhamiaji ulikuwa na utaratibu wake hapa kabla Mzungu hajafika na daftari.

Sheria ya shamba nayo ilikuwapo, na iliitwa ubukonde. Aliyekata msitu, akachoma magogo na kupanda mazao ya kwanza alikuwa mkonde. Ardhi ile ilikuwa yake na ya wazao wake. Aliyekuja nyuma, amesukumwa na njaa, na ugomvi wa urithi au na mkono mzito wa mtawala, alipewa kipande akawa mgererwa. Hakulipa fedha. Baada ya mavuno alileta mitungi ya pombe, na msimu wa kilimo ukifika alitoa siku zake kulima shamba la mwenyeji. Mwanawe alirithi kipande pamoja na deni. Vizazi vikipita, watoto wa mkonde na wa mgererwa wakaoana, na pombe iliyokuwa kodi ikawa pombe ya harusi. Sitaki kuupaka asali utaratibu huu. Wapo wakonde waliokuwa wakali, na mgererwa aliyeonekana amekosa adabu aliweza kufungashwa virago yeye na wanawe. Lakini swali aliloulizwa mtu lilikuwa moja: nani alikupokea? Mwaka aliofika haukuwa na uzito.

Swali la mwaka lililetwa na wengine. Tarehe 1 Agosti 1885 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alitangaza Dola Huru la Kongo. Siku hiyo hakuna mtu wake aliyekuwa amekanyaga Bwisha. Mjerumani von Götzen, aliyekata Rwanda kutoka mashariki na kupanda Nyiragongo, alifika mwaka 1894, miaka tisa baadaye. Mpaka wenyewe uliafikiwa Brussels Mei 1910, Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji wakikaa juu ya ramani za milima ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Familia zilizokuwa zikipelekeana ng'ombe wa mahari toka mteremko mmoja hadi mwingine zikajikuta chini ya bendera tatu. Huku ikawa Bwisha ya Wabelgiji, kule Bufumbira ya Waingereza, na ng'ambo Rwanda ya Wajerumani. Hakuna aliyehama.

Mwaka 1925 Wabelgiji wakatenga Hifadhi ya Albert, leo Virunga, kisha wakaitanua katika miaka iliyofuata. Malisho na misitu ambayo wakonde wangeendelea kufungua ikawa ya sokwe na walinzi. Mpaka leo mwenye shamba wa upande huu anaishi na hifadhi mlangoni, na makao makuu yake yako Rumangabo.

Waliohama kweli walikuja kwa njia mbili. Wa kwanza walitembea kwa miguu: njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929, na ile ya Ruzagayura ya 1943 na 1944, ziliwatoa watu Rwanda na vikapu vichwani. Hao mara nyingi walijua wanakwenda kwa nani. Wa pili walisafirishwa. Kuanzia 1937 hadi 1955 ofisi ya kikoloni iliyoitwa MIB iliwahamisha Wanyarwanda, inakadiriwa kama 85,000, kwenda hasa Masisi, kwa kuwa mashamba ya kahawa, chai na pareto ya walowezi yalihitaji mikono na milima ya Rwanda ilikuwa imejaa. Gishari, hukohuko Masisi, kwenye ardhi ya Wahunde, wahamiaji wakapewa hata utawala wao wenyewe, ambao Wabelgiji waliufuta tena mwaka 1957. Hapa ndipo kosa lilipopandwa, kwa maoni yangu, na halikuwa la aliyefika wala la aliyekutwa. Mgeni alikabidhiwa ardhi na mtu ambaye haikuwa yake. Hakukuwa na mkonde wa kumpelekea pombe, na mwenyeji hakuwa na nafasi ya kusema karibu. Kufikia 1963 Masisi ilikuwa inapigana vita ambavyo watu waliviita Kanyarwanda.

Mnyabwisha wa Kalengera na mjukuu wa MIB wa Masisi walikuwa na historia mbili tofauti. Lugha yao ya Kinyarwanda ndiyo iliyowafunga kamba moja, na sheria ikaikaza. Januari 1972, wakati Barthélemy Bisengimana, Mtutsi mwenye nguvu, alipokuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais Mobutu, sheria iliwapa uraia waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya Januari 1960. Mwaka uliofuata sheria ya ardhi ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola. Mashamba ya mila yaliachwa yasubiri amri ya rais, amri ambayo haikutoka. Mwenye pesa na rafiki ofisini aliweza kununua mlima huku waliozaliwa juu yake wakiendelea kupalilia maharage bila habari.

Kisha ikaja sheria ya Juni 1981. Uraia wa 1972 ukafutwa, na kila mtu akatakiwa aonyeshe kuwa kabila lake lilikuwa ndani ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Fikiria babu wa Rutshuru mbele ya karani. Anaweza kutaja majina saba ya juu, na kaburi la kila mmoja. Hana karatasi ya 1885, kwa sababu mwaka huo karatasi yenyewe ilikuwa haijafika. Sheria ya Novemba 2004 ilisogeza kipimo hadi uhuru wa 1960 na kuwatuliza wengi, lakini neno "mgeni" lilikuwa limekwisha jifunza kutembea na panga. Machi 1993 soko la Ntoto, Walikale, lilishambuliwa na mauaji yakaenea hadi Masisi. Julai 1994 takriban watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, na barabara ya Goma kwenda Rutshuru ikapata kambi za Kibumba, Kahindo na Katale, kipindupindu ndani yake na wauaji wa mauaji ya kimbari, wenye silaha, ndani yake pia.

Vita vilivyofuata vina majina ya waasi mengi kuliko misimu ya mvua: AFDL, RCD, CNDP, M23. Watu wa mji wa Kiwanja, jirani na Rutshuru, walizika wenzao waliouawa Novemba 2008. Mwisho wa Oktoba 2022 M23 ilichukua Kalengera, Rutshuru na Kiwanja ndani ya siku chache, na watu wakashuka barabara wakiwa na magodoro kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao, wengi wakiishia Kanyaruchinya, karibu na Goma, kwenye mahema ya turubai juu ya mawe ya lava.

Katika mawimbi hayo yote, Kivu Kaskazini imewalaza waliokimbia kwenye nyumba za watu, si kambini tu. Familia ya watu saba inapokea watu sita, na sufuria ni ileile. Aliyepokelewa hutoka asubuhi kulima shamba la mwenyeji, jioni analeta maharage ya kuongeza chunguni. Mashirika ya misaada huuita huo ukarimu na kuuandika kwenye ripoti. Mtu wa Bwisha akitazama anamwona mgererwa na mkonde wake, ila mitungi imepungua.

Februari 2025, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, kambi zilizoizunguka zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Anayerudi baada ya zaidi ya miaka miwili anakuta kichaka. Anatafuta ua wa miyenzi aliopanda babu yake kutenganisha mashamba, nusu umekatwa kuni, na katikati pameota mihogo ya mtu mwingine. Wazee wa jirani huitwa. Hawaombi karatasi. Wanakaa chini ya migomba, na wa kwanza kusema huanzia palepale: babu yako alipokewa na nani?