Kabla ya taa za Hollywood, Unyanyembe ilikuwa na bendera na ngoma

Mwaka 1935 yalianza mambo mawili ya sinema ambayo mwaka 2025 yalitimiza miaka 90. Huko Hollywood kampuni mbili ziliungana zikawa 20th Century-Fox, na tangu hapo kila filamu yao ikatanguliwa na jina la kampuni lililosimama kama jengo refu, taa kali zikifagia anga, tarumbeta zikilia. Nembo ile ilichorwa na Emil Kosa Mdogo, na muziki wake ulitungwa na Alfred Newman mwaka 1933, kwa ajili ya moja ya kampuni hizo mbili kabla hazijaungana. Huku kwetu, kwenye vilima vya Vugiri katika Usambara, Waingereza wachache na wasaidizi wao Waafrika walianza kutengeneza filamu za kuwaonyesha wananchi wa Afrika Mashariki na Kati, wakizitembeza kwa lori.

Fox imekwisha jina. Disney iliinunua mwaka 2019, na Januari 2020 neno hilo likafutwa. Taa na tarumbeta vikabaki chini ya jina jipya la 20th Century Studios. Mashabiki wa sinema walisikitika duniani kote. Jaribio la Vugiri lilifungwa mwaka 1937, na leo si rahisi kumkuta Mtanzania aliyepata kulisikia.

Yote mawili yanagusa swali ambalo hunijia kila saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza. Tufe la dunia huzunguka, herufi za kung'aa huruka kutoka pembeni zikajipanga, mstari wa mwanga hupita juu yake, kisha msomaji akatusalimu. Ukiondoa jina la kituo, utangulizi huo ungeweza kuwa wa Manila au wa Lima. Sisi hatukuwa na namna yetu ya kutangaza kwamba mtu anakuja?

Tulikuwa nayo, na ilipita hapa Tabora.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh katika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, na kitabu chake cha mwaka 1860 kinaeleza mwendo wa msafara kwa undani ambao sijauona kwingine. Alikuwa na dharau nyingi kwa watu aliosafiri nao, lakini jicho lake lilikuwa kali. Anasema mbele ya wote alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, amevaa joho jekundu lililotobolewa katikati pa kupitisha kichwa, kichwani manyoya ya mbega au ngozi ya paka-mwitu, pengine na manyoya ya bundi au korongo. Mkononi alishika bendera nyekundu isiyo na mchoro wowote, imechanwachanwa na miiba ya njiani. Bendera hiyo ilikuwa alama ya msafara wa Unguja. Nyuma yake alifuata mpiga ngoma, na ngoma yenyewe ilikuwa imebanwa kiunoni, pana juu na chini. Ndipo wakaja wapagazi wa pembe za ndovu, kisha wa nguo na shanga, mmoja nyuma ya mwingine.

Msafara ulipokaribia mji, watu walivaa nguo zao nzuri, baragumu zikapigwa, bunduki zikafyatuliwa. Mgogo aliyeona kitambaa chekundu kikipanda na kushuka juu ya nyasi alijua nani anakuja kabla hajaona uso wa mtu. Rangi moja na mdundo mmoja, vikirudiwa kituo kwa kituo kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wabunifu wa nembo za televisheni wanalipwa pesa nyingi kufanya hivyohivyo. Na walioibeba kazi hiyo begani kwa sehemu kubwa walikuwa Wanyamwezi, watu walioona safari ya pwani kuwa heshima.

Henry Stanley alilielewa jambo hili haraka, kwa kuwa alikuwa mwandishi wa gazeti. Alipotoka Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871 kumtafuta msafiri David Livingstone, alifuata desturi ya njia hii akabadili kitambaa tu. Alipoingia Ujiji aliagiza bendera ya Marekani itangulie na ya Unguja ifunge safu, bunduki zikilia. Februari 1872 wawili hao walirudi pamoja Kwihara, wakaachana hapo Machi. Miaka 67 baadaye, mwaka 1939, Fox ilitoa filamu ya *Stanley and Livingstone*, Spencer Tracy akiwa Stanley. Kwa hiyo kisa cha njia yetu kiliingia kwenye kumbi za dunia kikitanguliwa na taa za Los Angeles. Mtazamaji aliambiwa kwanza filamu ni ya nani, ndipo akaletwa Unyamwezi.

Turudi Vugiri, maana hapo ndipo palipo na mgogoro.

Mradi ule uliendeshwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, mtu wa elimu. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Walitengeneza filamu 35, sauti ikiwa kwenye santuri mbali na picha, ili maelezo yaweze kutolewa kwa Kiswahili, Kiganda, Kinyanja au lugha nyingine ya mahali. Filamu zilihusu safura, kodi, chai, benki ya akiba ya posta. Ripoti yao, iliyochapwa London mwaka 1937, ndiyo niliyoitegemea hapa, na inaonyesha wazi kilichowasumbua usiku na mchana: je, Mwafrika anaweza kuelewa picha inayotembea? Na akielewa mtu anayetembea, ataelewa mchoro unaotembea?

Swali hilo lilikuwa limeshajibiwa. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alitumwa Afrika Mashariki akawaonyesha watoto wa shule filamu kadhaa, akawauliza waandike walichokiona. Walikuwa wameelewa vizuri, naye akasema hivyo kwenye kitabu chake. Lakini jibu hilo halikuwafaa waliokuja baadaye.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, kikaongozwa na William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers aliweka kanuni. Filamu ya Mwafrika iende polepole. Kamera isirukeruke. Picha isiyeyuke ikaingia nyingine. Hila za kamera zisitumike, na kitu kidogo kisikuzwe kupita kiasi. Ushahidi uliozunguka ofisini ulikuwa hadithi ya mbu: wanakijiji wameonyeshwa mbu aliyejaa kitambaa chote, wakashukuru Mungu kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Kila ofisa aliisimulia kana kwamba ilitokea kwenye wilaya yake.

Hadithi ile inaniudhi. Hata ikiwa kweli kuna mzee aliyesema maneno hayo, haikumjia yeyote kwamba mzee alikuwa anamtania bwana daktari. Mtu aliyekulia kwenye vitendawili, kwenye hadithi za sungura anayemshinda fisi, kwenye ngoma za vinyago, anajua kwa hakika kwamba kinachoonyeshwa kinaweza kuwa kikubwa au kidogo kuliko kilivyo. Isitoshe, katika miaka hiyohiyo, majumba ya sinema ya miji ya Tanganyika na Unguja, mengi yakiwa ya Wahindi, yalijaa watu wakitazama filamu za Bombay na Hollywood zenye kila hila ambayo Sellers aliikataza. Watu walilipa pesa zao kuziona. Simba wa nembo ya kampuni ya MGM, anayenguruma tangu mwaka 1928, hakumchanganya mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Peter Morton-Williams alikwenda vijijini Nigeria, alikofanya kazi Sellers mwenyewe, akaona kwamba watu walifuata filamu bila taabu pale jambo lenyewe lilipowahusu.

Madhara lakini yalikuwa yamepatikana. Kwa kizazi kizima, filamu za serikali kwa Waafrika zilitengenezwa kwa kuwadhania watazamaji ujinga. Hakukuwa na sababu ya kumfundisha kijana wa Kiafrika kuchora picha zinazotembea, kwa kuwa ilishaamuliwa kwamba ndugu zake hawataziona. Ninapoona vijana wetu leo wakijifunza kazi hiyo peke yao kwenye simu, nakumbuka kwamba wenzao wa 1940 walifungiwa mlango kwa makusudi.

Tabora inarudi hapa kwa njia ya Rashidi Kawawa. Alisoma shule ya serikali ya Tabora, akaajiriwa katika idara ya ustawi wa jamii, na mwaka 1953 alikuwa huku Urambo akiwahudumia Wakikuyu waliowekwa kizuizini. Kabla ya hapo alikuwa nyota wa filamu. Serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili, na katika *Muhogo Mchungu* Kawawa ndiye aliyeonekana mbele. Waziri Mkuu wetu wa baadaye alijulikana kwanza kwenye kitambaa cheupe. Katika mji uliomsomesha, natamani hilo lisemwe kwa fahari zaidi kuliko linavyosemwa.

Baada ya uhuru sauti ilitangulia picha. Radio Tanzania ilifungua taarifa ya habari kwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona aliyeweza kuzipiga nyingi kwa pamoja, aliyepelekwa hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Kwa maoni yangu nchi hii haijapata kiashirio bora zaidi. Zilipolia, watu walinyamaza dukani na uani. Mpiga ngoma wa kirangozi angeitambua kazi hiyo.

Picha zilichelewa. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, ya kwanza kusini mwa Sahara. Bara tulingoja hadi 1994 kwa vituo vya watu binafsi, na 2000 kwa televisheni ya taifa, TVT, iliyokuja kuwa TBC. Wakati huo dunia ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Vituo vyetu vilizaliwa katikati ya mtindo wa matufe na herufi zinazoruka, vikauchukua kama ulivyo. Filamu za Bongo za miaka ya 2000 nazo zikarefusha nembo za wasambazaji kwa moto na radi.

Huenda mtu akasema hatukuwa na uwezo. Channel 4 ya Uingereza ilipoanza mwaka 1982, nembo yake ya matofali ya rangi yanayoruka na kujiunga, iliyobuniwa na Martin Lambie-Nairn, ililazimika kwenda kutengenezwa Los Angeles, kwa kuwa Uingereza haikuwa na mashine za kutosha. Wazo lilikuwa lao, mashine waliazima. Leo mashine hiyo iko kwenye kompyuta ya mkononi ya kijana wa Kanyenye au Ng'ambo hapa Tabora. Nairobi walionyesha njia na *Tinga Tinga Tales* mwaka 2010, wanyama wakitembea kwa rangi za Edward Tingatinga wa Dar es Salaam, na kuanzia 2014 *Ubongo Kids* imefundisha hesabu kwa katuni za Kiswahili. Uwezo upo. Violezo vinavyonunuliwa mtandaoni kwa dola chache ndivyo vinavyotuzuia kufikiri.

Chukua kibangwa tu, kile kipande cha gamba la konokono wa baharini walichovaa watemi wa Unyamwezi kuonyesha mamlaka. Kililetwa na misafara kutoka pwani, na kina mzingo wa asili unaojisokota hadi katikati. Kikiwekwa kwenye kioo kizunguke, hakihitaji mwanga wa bandia. Kuna kitambaa chekundu kilichochanwa na miiba. Kuna ngoma za Mzee Morris, ambazo zimerekodiwa. Njia yenyewe, Kwihara ikiwamo, serikali iliiandikisha UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na karibu miaka 20 baadaye bado iko kwenye orodha hiyohiyo. Chombo cha umma kinachoandaa utangulizi mpya wa taarifa ya habari kiwaite wachoraji wa Tabora, Ujiji na Bagamoyo, kiwape kibangwa, kitambaa na ngoma, na kiwalipe kama kinavyolipa wageni.