Bei ya Mpira na Majuto ya Muuzaji

Nikitazama chini kutoka Lushoto, Wilhelmstal ya Wajerumani, naikumbuka historia ya miti ya mpira iliyopandwa nyanda za Muheza na Tanga.

Mwaka 1910 bei ya mpira ilipaa. Kule London watu waligombea hisa za vikampuni ambavyo mashamba yake hawajapata kuyaona. Walowezi kadhaa wakawauzia Waingereza mashamba yao. Nadhani aliyewahi kuuza alijiuma vidole kila bei ilipopanda.

Ikaja 1913. Mpira wa Asia ukafurika sokoni, bei ikaanguka pu! Aliyejiuma vidole kumbe ndiye aliyepona.

Basi wewe uliyeuza hisa jana, leo zimepanda, usijilaumu kwa bei ya leo. Jiulize: siku ile nilijua nini? Na karo ya mtoto usiichezee.