Koleo la Uzazi, Kutoka Essex Hadi Ubaruku

Mwaka 1813, chini ya sakafu ya nyumba moja huko Essex, Uingereza, viliokotwa vyuma vya kuzalishia vya ukoo wa Chamberlen. Ukoo huo, uliokimbia Ufaransa mwaka 1569, ulibuni koleo la kushika kichwa cha mtoto na kumvuta akiwa hai, wakati ambapo uchungu pingamizi mara nyingi uliishia kwa mtoto kutolewa vipandevipande ili mama anusurike. Wakalificha kwa zaidi ya miaka 100 ili wao tu ndio waitwe. Siri hiyo siisamehe.

Koleo lilipojulikana, likaogopwa. Novemba 1817 binti mfalme Charlotte wa Uingereza alishikwa na uchungu kwa takriban saa 50. Daktari wake, Richard Croft, hakulitumia. Mtoto alizaliwa mfu, na mama akafariki saa chache baadaye. Kisha hofu ikageuka pupa: mwaka 1920 daktari wa uzazi Joseph DeLee wa Chicago alipendekeza litumike hata kwa wazazi wa mara ya kwanza wasio na tatizo.

Njia nyingine ilikuwa upasuaji, nao kwetu Afrika Mashariki haukuwa mgeni: msafiri Robert Felkin alikwishaona Bunyoro, Uganda ya leo, mwaka 1879, mganga akimpasua tumbo mzazi aliyeleweshwa kwa pombe ya ndizi. Mama na mtoto wakawa wazima.

Miaka ya 1950 Tage Malmström wa Sweden akaleta mshindani wa koleo: vakyumu, kikombe kinachonasa kichwa cha mtoto kwa kufyonza. Koleo hushindwa mara chache zaidi, ila huchana zaidi njia ya mama. Vakyumu humwachia mtoto hatari zaidi ya damu kuvujia chini ya ngozi ya kichwa. Vyote viwili vinadai njia iwe imefunguka yote, chupa imepasuka, kichwa kimeshuka, kibofu kitupu, na mzalishaji aliyefunzwa, aliye tayari kuacha mtoto asiposogea.

Mafunzo hayo ndiyo yanayopotea Tanzania, kwa kuwa upasuaji umekuwa jibu la kwanza. Upasuaji huokoa, lakini huacha kovu kwenye mfuko wa uzazi. Mama wa Ubaruku, wilayani Mbarali, anayelima mpunga wa Usangu, atabeba mimba nyingine na kovu hilo. Likiachia akiwa shambani, ataitafuta hospitali ya wilaya, Rujewa, huku akivuja damu ndani. Vakyumu inahesabiwa miongoni mwa huduma saba za msingi za dharura ya uzazi. Kwa hiyo naidai kwenye kituo cha afya, pamoja na mkunga anayeijua na anayeitumia mara kwa mara.