Kabla ya kununua gari lililotumika, kadi ikaguliwe kwanza

WATU wengi jijini Dar es Salaam wanapokwenda kununua gari lililotumika huanza kwa kufungua boneti. Ingekuwa vema waanze na kadi. Injini mbovu hutengenezwa au hubadilishwa. Gari la wizi hurudishwa kwa mwenyewe, na mnunuzi hubaki akimsaka aliyechukua fedha zake.

Kadi ya usajili hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Jina lililomo lilingane na la kitambulisho cha muuzaji. Kama anayeuza ni dalali au ndugu, mwenye gari aonekane ana kwa ana. Namba za chesisi na injini zilizoandikwa katika kadi zisomwe kwenye chuma chenyewe. Mahali palipokwanguliwa au kuchomelewa upya kuzunguka namba hizo ni sababu tosha ya kuondoka. Kisha namba zipelekwe TRA kuhakikisha usajili, na polisi kujua kama gari halitafutwi. Iulizwe pia habari ya faini za barabarani na ya mkopo, kwani wapo wanaouza gari kwa kuonyesha nakala tu, ilhali kadi halisi imeshikiliwa na benki.

Kuhusu kilomita, dashibodi isiaminiwe sana, maana mita hurudishwa nyuma. Gari likidaiwa kutembea kilomita 60,000 huku mpira wa pedeli ya breki umelika na kiti cha dereva kimebonyea, mita ndiyo inayosema uongo. Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne pembeni, mathalani 1419, maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2019.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla mteja hajafika huenda anaficha ugumu wake wa kuwaka. Moshi wa buluu huonyesha kuwa oili inaungua. Mweusi, kwamba mafuta yamezidi. Mweupe usiokoma, kwamba maji yanapenya ndani. Utando kama maziwa chini ya mfuniko wa oili nao ni dalili mbaya, na huenda gasketi ya silinda hedi imeungua.

Katika jiji ambalo bonde la Msimbazi hufurika, mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho kutazama alama ya tope, na zulia linyanyuliwe kutafuta kutu.

Fundi awe wa mnunuzi. Anayeletwa na dalali hulipwa na dalali.

Malipo yapitie benki, mkataba usainiwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki uombwe TRA bila kuchelewa, kwani hadi jina libadilike, gari hilo kwa mujibu wa kadi bado ni la aliyeliuza.